Bangi Nyuma ya Jikoni, Maharagi Kiunoni

Kama weye unayesoma hii umetoka hospitali leo na karatasi mkononi, na hujamwambia mtu bado, kaa kwanza. Kunywa chai kama inapita. Mimi pia nilikaa vile, kwenye kitanda changu hapa Ngezi, mtaa wetu wa Bunia, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani utafikiri naenda ibadani, macho ukutani. Mambo ya waganga wa hospitali sitakufundisha, sina masomo hayo. Nitakuambia tu namna nilivyopita, na namna mimi, mke wa mzee wa kanisa, nilivyofika kuwa mkulima wa bangi.

Cheka tu. Sasa hata mimi nacheka.

Ugonjwa wangu ulikuwa kansa ya titi la kushoto. Walinikata Kampala, nikarudi Bunia na kovu linalovuta kila nikinyoosha mkono kuchukua sahani juu ya kabati, na barua ya kusema nipewe serumu sita, moja kila wiki tatu. Serumu ni ile dawa ya chupa inayoingia mshipani tone kwa tone. Ya kwanza niliipata mwishoni mwa mwezi wa saba, mvua ikianza kuzoea kuanguka kila mchana. Kwenye korido ya hospitali kuna benchi moja refu la mbao, limelegea katikati, kwa hiyo sisi wagonjwa tulikuwa tunateleza polepole na kukutana katikati hata tusipopenda. Hapo ndipo nilijua nani ana watoto wangapi, nani mume wake ameshaondoka. Tulikuwa tunabebana begani bila kuombana ruhusa.

Mbele ya serumu unapanda kwenye mizani. Muuguzi wa mizani aliitwa Solange, mwanamke mnene, mcheshi, sauti yake unaisikia ukiwa bado getini. Siku ile ya kwanza nilikuwa na kilo arobaini na tisa. Munganga, yaani daktari, kijana mpole wa miwani, alinieleza bila kuzunguka.

"Mama Furaha, hii dawa iko na nguvu. Ukishuka chini ya karanti-senki, kilo arobaini na tano, miye sitakupa tena. Mwili itashindwa kuibeba."

"Na nisipopata zote sita?"

Alifuta miwani yake kwa koti. "Kula, Mama. Kazi yako weye ni kula."

Kazi rahisi, si ndiyo? Weye ngoja. Siku ya tatu tumbo likageuka. Nilitapika chai, nikatapika maji, nikatapika hata harufu. Mdomo ulikuwa na ladha ya msumari. Sombe, majani ya muhogo, chakula nilichokula tangu sijaota meno, nilikuwa nikisikia mafuta ya ngazi, yaani ya mawese, yanachemka nakimbilia nyuma ya jikoni. Kucha zikawa nyeusi. Nywele zilianguka baada ya serumu ya pili, zote wiki moja, nikazifagia mwenyewe kwa sababu sikutaka mtu mwingine azifagie. Hizo sikuzililia sana. Nililolilia ni sahani. Binti yangu Furaha, miaka kumi na tatu, alikuwa anatoka shule anapika, ananiletea, na mimi nageuza uso. Siku moja aliiweka chini kwa nguvu, mchuzi ukaruka.

"Mama, weye hautaki chakula yangu! Sema tu haiko muzuri!"

Akaenda kulia chumbani. Na mimi sikuwa na nguvu ya kumfuata. Hiyo iliniuma kuliko sindano zote.

Sasa, nirudi nyuma kidogo. Wiki moja baada ya serumu ya kwanza, mdogo wangu Aimé, anayekaa Ubelgiji, alipiga simu. Alimwambia mume wangu kwamba huko wagonjwa wengine wa serumu wanatumia bangi kidogo, si ya kuvuta, ya kula, na inatuliza tumbo mpaka chakula kinashuka. Kuna mtu alikuwa anakuja Bunia. Amempa mbegu saba, zimo ndani ya soksi ya mtoto.

"Ni mbegu ya aina ingine," alisema, simu ikiwa imefunguliwa sauti. "Ni fupi, haipiti kiuno. Inachanua yenyewe, hata jua ikiwa kidogo, hata baridi. Wiki kumi imekwisha. Lakini shemeji, sikia: usiihamishe, na usiikate kichwa. Haingojeake mutu. Iko na saa yake ndani."

"Ndiyo, ndiyo," mume wangu alijibu.

Mimi nilisema hapana. Na nitakuambia sababu, kwa sababu haikuwa kanisa tu. Wakati wa vita tulikuwa tunakaa Djugu, kule milimani. Siku vijana wa bunduki walipokuja kuchukua ng'ombe wetu, hawakuwa na haraka. Walikaa uani kwetu wanavuta bangi, wanachagua ng'ombe polepole, huyu ndiyo, huyu hapana. Mimi nilikuwa ndani, chini ya kitanda, na mkono juu ya mdomo wa Furaha aliyekuwa bado ananyonya. Kiisha walichoma nyumba. Tulitokea dirisha la nyuma. Tangu siku ile nikisikia harufu hiyo njiani, nakimbia. Hata sasa amani imekuja, ile amani ya kulala na mfuko umefungwa karibu na mlango, harufu hiyo ilikuwa haijanipa amani.

"Siwezi kuingiza kile kitu tumboni mwangu," nilimwambia.

Mume wangu, Baba Furaha, si mtu wa maneno. Ni mkulima wa kabichi. Tumerudi Djugu kulima, si kulala. Anapanda mlima Jumatatu, anashuka Ijumaa, na kila mtu kule anajua kabichi zake. Tena ni mzee wa kanisa, ndiye anayesimama mlangoni kuonya vijana wanaonuka moshi. Nilifikiri atafurahi nikikataa. Soksi ilipofika, yeye aliichukua, akaimwaga kwenye kiganja pale pale mlangoni pa jikoni, akahesabu.

"Kanisa sitaiuliza," alisema. "Mungu nitamuuliza miye mwenyewe. Polisi hapana kuuliza hata kidogo."

Alihesabu mbegu sita. Akasema Aimé hajui kuhesabu. Jumatatu akapanda nazo Djugu.

Na huko, masikini, mume wangu akafanya kosa la mwanaume wa kabichi. Kabichi kwetu unaimwaga kwenye kitalu, unaifunika na majani makavu kwa sababu ya baridi, na ikipata majani manne unaing'oa na kuihamishia shambani. Ndivyo baba yake alivyofanya, na baba wa baba yake. Aimé alikuwa amesema usihamishe, lakini mikono ilisikia wapi? Mikono ina masikio yake. Akamwaga kitaluni, akafunika, akahamisha. Na kama hiyo haitoshi, akakumbuka kwamba tumbaku ya marehemu babu yake ilikatwa kichwa ili majani yanenepe. Basi akazikata vichwa pia, zote sita.

Kila Ijumaa nilikuwa nasikia habari. Wiki ya kwanza, zimeota. Wiki ya tatu, zimehamishwa. Wiki ya tano akarudi, akavua buti, akakaa.

"Zimechanua," alisema.

"Si ndiyo vizuri?"

Alinyoosha kidole cha kati. Urefu wa ile mimea ulikuwa pale pale, kidole kimoja. Zilikuwa zimeanza kutoa maua kabla hazijakua, majani yamegeuka zambarau kwa baridi, na ukungu wa asubuhi umeshaozesha mbili. Zilikuwa zimepoteza siku zao kulala na homa ya kuhamishwa, na saa yao ya ndani haikusimama kuzingoja. Nilimwona mume wangu anaangalia mikono yake, nikamhurumia. Alikuwa amelima kila kitu katika maisha yake, na kitu kimoja nilichokihitaji kimemshinda.

Lakini mimi nilikuwa na siri.

Nakumbuka siku niliyoiona. Ilikuwa baada ya serumu ya pili, nimekimbilia nyuma ya jikoni kutapika, mkono mmoja ukutani. Nilipomaliza, macho yakabaki chini huku nikitafuta hewa, na pale, kati ya ukuta na fungu la majivu na samadi, kulikuwa na kimti cha majani mapana kama vidole vya mtu. Nilijua mara moja. Aimé alijua kuhesabu. Mbegu ya saba ilikuwa imeanguka siku ile mlangoni, mvua ikaisukuma mpaka pale.

Nilinyanyua mguu niukanyage. Nasema kweli. Mguu ulikuwa juu. Kiisha nikafikiri: huyu hakupandwa na mtu, hakuombwa na mtu, na yuko. Nikaurudisha mguu chini, pembeni.

Kwa nini sikumwambia mume wangu? Haki ya Mungu, kwa sababu angeuhamisha! Angekuja na jembe lake na upendo wake, akaupeleka mahali "pazuri zaidi". Mimi nilikuwa nimeshajifunza kitu kwenye lile benchi la korido, kwamba kuna siku kazi yako ni kukaa tu. Kwa hiyo sikuugusa. Ukuta ule una moto wa jikoni upande wa pili, kwa hiyo usiku wa baridi mti ulikuwa unapata joto mgongoni. Bati la paa linatokeza, mvua ya moja kwa moja haikuufikia. Nilichofanya ni kuwa nakaa kwenye kiti kidogo karibu yake asubuhi, jua likitokea kidogo, na kumwaga maji kikombe kimoja udongo ukikauka. Furaha alifikiri nakaa pale kwa sababu ya kutapika. Ilikuwa kweli pia.

Ulikua mpaka gotini, kiisha mpaka kiunoni, ukasimama. Na wiki ileile mume wangu aliponionyesha kidole, wangu ukaanza kuweka maua yenye unyevunyevu, mengi, yanashikamana na vidole. Na harufu ikaja.

Ilinipata asubuhi, nimekaa. Jasho likatoka, mkono ukapanda wenyewe ukatafuta mdomo wa mtoto ambaye sasa yuko shuleni. Niliogopa, nilitaka kukimbia, lakini nguvu ya kukimbia sikuwa nayo, ndiyo faida moja ya ugonjwa. Basi nikabaki. Nikaangalia. Harufu ilikuwa ile ile, lakini uani hapakuwa na mtu wa bunduki. Palikuwa na kuku wawili, nguo za Furaha kwenye kamba, na huu mti mfupi usiojua lolote. Nililia sana, kiisha nikamwaga kikombe changu cha maji. Kesho yake harufu ilikuja tena na nililia kidogo. Siku ya nne nilisahau kulia.

Jirani yetu Mama Kavira yeye hakusahau kunusa. Ametoka Butembo na watu wake, anauza maharagi, na pua yake ni ya mfanyabiashara.

"Mama Furaha, hapa kwenu kunanuka nini?"

"Panya imekufa."

"Panya gani inanuka sawa vile vijana ya barabara?" Akazunguka jikoni, akasimama, mikono kiunoni. Nilingoja aite watu. Akaangalia mti, akaniangalia mimi na kitambaa changu, akachukua gunia lake tupu akaliweka kwenye kamba, kati ya mti na njia. "Watu hapana kupita wanaangalia jikoni ya mutu," alisema, basi.

Ikafika siku ya serumu ya nne. Maua yalikuwa hayajakomaa. Aimé alisema vinywele vya maua vigeuke rangi ya chai kwanza, vya mti wangu vilikuwa bado vyeupe. Na mimi nilijua nimeshuka. Pagne, vitenge vyangu, zilikuwa zinazunguka mwili mara mbili. Mama Kavira alikuja alfajiri na dawa yake.

"Sikia. Kilo moja ya maharagi, ndani ya kitambaa, tunafunga kiunoni, pagne juu. Nani atajua?"

"Mama Kavira, ni uongo."

"Uongo ni ya nani? Maharagi si iko ya kweli?"

Nikakubali. Ndiyo, mke wa mzee wa kanisa. Nilipanda kwenye mizani nikiwa nimenyooka kama bibi harusi, na Solange akasoma karanti-senki na nukta tatu. Nilipumua. Na katika kupumua, fundo likalegea. Maharagi moja ikaanguka kwenye bati la mizani, *ti*. Ya pili, *ti*. Kiisha zikaja zote, zikakimbia chini ya benchi, na wagonjwa wenzangu wote wakanyanyua miguu.

Solange hakupiga kelele. Aliinama akaokota moja, akaiangalia. "Mama," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "hizi huwa zinapikwa." Kiisha akasoma mizani tena. Karanti-kat na nukta tatu. Arobaini na nne.

Munganga alinikalisha. Akasema hii ya nne atanipa kwa sababu damu yangu ilikuwa bado nzuri, lakini ya tano ataisogeza mbele, wiki nne badala ya tatu, na nikirudi nikiwa bado chini ya karanti-senki atasimamisha. Hapo ndipo nilimwambia habari ya mti. Nilikuwa nimechoka kuficha. Aliinuka akafunga mlango kwanza.

"Sheria haikubali, Mama, na miye sikuandikii hiyo kwenye karatasi. Lakini umefanya vizuri kuniambia. Ukiitumia, iwe kidogo sana, na usinifiche chochote, juu nijue dawa gani inakutana na gani."

Ijumaa ile mume wangu aliposhuka kutoka Djugu, nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya jikoni, nikafungua gunia. Alisimama. Mti ulikuwa kiunoni kwake, maua yameuelemea.

"Nani amelima hii?"

"Hakuna mtu."

Alichuchumaa, akauzunguka bila kuugusa, akaangalia ukuta, akaangalia bati. "Ulijua tangu lini?"

"Serumu ya pili."

"Na ulinyamaza!"

"Ungeuhamisha, Baba Furaha."

Aliangalia mikono yake. Kiisha akaanza kucheka, mtu ambaye sikumwona akicheka tangu Kampala, akacheka mpaka akakaa kwenye majivu, na mimi nikacheka mpaka kovu likauma.

Tuliungojea wiki mbili zaidi. Mvua kubwa ilikuwa imeshaingia, ua moja likashika ukungu tukalitupa, mengine yakageuka rangi ya chai. Alikata yeye, kwa kisu cha kabichi, ameshika shina kwa adabu. Tukayatundika mbali kidogo juu ya moshi, yakakauka polepole. Ng'ombe tulibaki nao wanne tu baada ya vita, lakini maziwa yalikuwepo. Alisukasuka siagi mwenyewe, akayachemsha yale maua ndani yake kwa moto mdogo nusu ya siku, akachuja. Kabla sijapewa, akaonja.

"Nikianguka, weye usikule," alisema.

Hakuanguka. Baada ya saa moja alisifu kuku wetu kwa uzuri, kiisha akaingia jikoni akamaliza sufuria nzima ya maharagi na akamwuliza Furaha kama kuna ingine. Tukajua inafanya kazi.

Mimi niliweka kidogo, ya kuchukuliwa na ncha ya kijiko, kwenye uji. Sikuona nyota wala malaika. Nilisikia tu tumbo limelegeza ngumi yake. Furaha alikuwa anakaanga dagaa, na harufu ikaja, na nikangoja kukimbia, na sikukimbia. Nikasema, "Leta hapa." Alileta sahani akaiweka polepole, akabaki amesimama mlangoni, hapumui. Nilikula dagaa tatu na kipande cha ugali. Siku ya pili nusu sahani. Siku ya nne niliomba chumvi, na mtoto wangu akaniambia, "Sasa unasumbua, Mama," na akatoka nje haraka ili nisione uso wake.

Sikuambii weye upande bangi. Kwa wengine haisaidii, na sheria ni sheria. Haikuniponya kansa, serumu ndizo zilifanya kazi hiyo, na kisu cha Kampala. Ilinirudisha mezani tu. Nakuambia umwambie munganga wako ukweli, na uache watu wakupende hata kama wanakuhamisha vibaya.

Serumu ya tano nilipanda kwenye mizani na kilo arobaini na tano na nukta mbili, bila maharagi. Munganga alisoma mwenyewe mara mbili. Mti ulikuwa umeshakauka, mume wangu akaung'oa, akauchoma jikoni usiache alama, siagi ikatosha mpaka mwisho. Mbegu hatukubakiza.

Ya sita ilifika mvua zikipungua, vumbi la kwanza likianza kurudi kwenye barabara ya Ngezi. Benchi lilikuwa limejaa sura mpya, zinateleza kuelekea katikati. Nilimpisha mama mmoja mwenye karatasi mkononi, nikaenda kwenye mizani. Solange alikuja mbio, akanishika kiuno kwa mikono yote miwili mbele ya watu wote, akapapasa kulia, akapapasa kushoto.

"Eh, Mama Furaha! Leo maharagi iko wapi?"

"Nimekula," nilimwambia. "Nimekula yote."